Vitabu vya maisha ya watu, na majaji wawili wa kuanzia

Mdogo wangu wa Nyegezi, umesema unamaliza kidato cha sita, unataka kusoma sheria, na unatafuta vitabu vya maisha ya watu, hasa majaji.

Anza na Dikgang Moseneke wa Afrika Kusini, *My Own Liberator*, cha 2016. Alikamatwa akiwa na miaka 15 tu, akafungwa miaka 10 kisiwani Robben. Humo gerezani akasoma mpaka akapata shahada, na baadaye akawa Naibu Jaji Mkuu. Nilikisoma kwenye kivuko cha Kamanga, nikienda na kurudi Sengerema. Siku moja abiria wameshashuka wote, mimi bado nimeinamia ukurasa, mpaka baharia akanigusa bega.

Halafu Albie Sachs, naye mpigania uhuru wa Afrika Kusini, *The Soft Vengeance of a Freedom Fighter*. Mwaka 1988 alitegewa bomu kwenye gari Maputo, akapoteza mkono wa kulia na jicho moja likapofuka. Anaeleza alivyojifunza upya kuandika, kwa mkono wa kushoto. Kitabu kilitoka kabla hajawa jaji, na kwangu ndiyo thamani yake: unamjua mtu kwanza, joho baadaye.

Hivyo viwili ni vya Kiingereza. Kwa Kiswahili, usikose *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert, na *Mzee Rukhsa* cha hayati Rais Ali Hassan Mwinyi, cha 2021. Kabla hujanunua, ulizia maktaba ya mkoa hapo mjini.