Chaya ni mboga ya kupikwa, si juisi ya majani mabichi

Ndugu uliyeuliza kama mama yako, mwenye kisukari na upungufu wa damu, anaweza kunywa kila asubuhi glasi ya juisi ya majani mabichi ya chaya, nakuomba sana usimpe. Nina vichaka vinne vya chaya nyuma ya nyumba yangu Morogoro kwa mwaka wa tisa sasa, havipukutiki majani hata kiangazi, na mboga yake tunaila karibu kila wiki. Lakini tunaila ikiwa imeiva.

Asili ya chaya ni Mexico na Amerika ya Kati, ambako Wamaya wa Yucatán wameila tangu zamani, na mmea huu ni wa ukoo mmoja na muhogo. Undugu huo ndio wa kuzingatia. Kama kisamvu, jani la chaya lina kemikali iitwayo linamarini, na jani linapopondwa, kimeng'enya, yaani kitu kinachoivunja kemikali hiyo, kilichomo humohumo hukutana nayo, ikazalishwa sianidi, ambayo ni sumu. Bibi zetu hutwanga kisamvu kinuni, kisha hukichemsha kwa muda mrefu, na sumu ikatoka na mvuke, kwa kuwa sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Blenda hufanya kazi ileile ya kinu, ila kinachotoka humo hakipiti motoni. Mwaka wa kwanza nilikunywa juisi hiyo kwa ushauri wa aliyenipa vipando, na siku ya tatu nikashikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kuumwa kichwa. Nilipoiacha, hali hiyo haikunirudia tena.

Chuma majani laini ya juu, ukivaa glavu kwa sababu baadhi ya aina zina vinyweleo vinavyowasha, uyakatekate na kuyachemsha dakika 20 bila kufunika chungu, ndipo uunge kwa karanga au nazi. Gramu 100 za majani mabichi zina protini ya takriban gramu 5 hadi 6, kiasi kinachoipita spinachi, pamoja na kalisi na madini ya chuma. Vitamini C hupungua kwa moto, kwa hiyo kamulia ndimu mezani, kwa kuwa ndiyo inayousaidia mwili kufyonza chuma cha mboga za majani. Chai ya rangi inywewe baadaye, kwani huzuia ufyonzwaji huo.

Kuhusu sukari, matokeo mazuri yanayosimuliwa yametoka zaidi kwa panya wa maabara, na hayatoshi kumwachisha mama vidonge vyake. Hata damu yake isihukumiwe kwa macho. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kudhoofisha figo, na figo dhaifu hupunguza utengenezaji wa damu. Vilevile metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi, inaweza kushusha vitamini B12, ambayo haimo katika chaya wala mboga nyingine ya majani. Mwombe daktari apime figo na B12. Figo zikionekana kuwa na hitilafu, umuulize pia kiasi cha mboga za majani kinachomfaa, kwa sababu zina potasiamu nyingi. Zikiwa salama, mpikie chaya iliyoiva vizuri pamoja na dagaa, kwa kuwa dagaa wana hiyo B12 ambayo jani halina.