Vyombo vya marehemu mama: vitumike au vifungiwe kashani?

Assalaam alaykum dada yangu. Umeuliza ufanye nini na vitu ulivyoachiwa na marehemu mama yako, yaani sahani za kaure zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka za ndani (vile vishubaka vya ukutani), makuku (vikuku vikubwa) na mkufu wa fedha, na kiti cha enzi (kile cha mti kilichosukwa kwa uzi), ilhali jamaa zako wanakushauri uvifungie kashani mpaka bei ipande na aje tajiri wa nje avinunue. Mimi ni mtu wa Mkomani, hapa Lamu, na kwetu vitu vya aina hiyo vimetumika tangu enzi ya bibi, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Maoni yangu ni kwamba uvitumie, ila vichache nitakavyovitaja.

Nianze na hiyo bei. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi, ya mwaka 2006, inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Kiti chako nacho, ikiwa kimenakshiwa kwa vipande vya pembe za ndovu, kina kizuizi kizito zaidi, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya mwaka 1989, na mwaka 2016 Serikali yetu iliteketeza zaidi ya tani 100 za pembe hadharani. Basi huyo tajiri unayeambiwa umngojee atapita njia gani? Anayebisha hodi huwa ni dalali anayetaka kununua kwa bei ya kutupa na kukusihi usimwambie mtu.

Makuku na mkufu, vaa. Fedha iliyofungiwa huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, lakini ile inayovaliwa mara kwa mara husuguliwa na ngozi na nguo, ikabaki inang'aa bila ya kupelekwa kwa sonara. Isitoshe, kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, mapambo halali ambayo mwanamke anayo kwa ajili ya kuyavaa hayatolewi zaka, ilhali yakiwekwa kwa nia ya kulimbikiza mali hutolewa, yakifikia kiwango na kupitiwa na mwaka. Sheikh wa mtaani kwako atakufafanulia zaidi. Mimi nakuonyesha tu kwamba hata kufungia kuna gharama yake.

Kwenye sahani ndipo penye kazi. Kabla ya kupakua chochote, iweke kila sahani juu ya ncha za vidole vyako na uigonge ukingoni kwa ukucha. Iliyo nzima hulia kama kengele, na mlio wake hukawia kidogo. Iliyopata ufa hutoa sauti butu, hata kama jicho halioni kitu. Zenye ufa, na zile za zamani zilizoungwa kwa vibanio vya shaba upande wa chini, zirudishe kidakani zikapendeze ukuta. Kisha tazama rangi. Zile za buluu na nyeupe, ambazo maua yake yamechorwa chini ya ung'avu (lile tabaka la juu linalong'aa kama kioo), hazina taabu sana. Zile ambazo ukipitisha kidole unahisi maua yameinuka juu ya ung'avu, hasa yenye rangi nyekundu, kijani na manjano, rangi zake huenda zina risasi (ile metali yenye sumu), na vitu vichachu huitoa risasi hiyo ikaingia kwenye chakula. Usiweke humo achari ya embe, ukwaju wala ndimu. Vileja, visheti au halwa ya kumpitishia mgeni haina neno, mradi isilazwe humo usiku kucha.

Kuosha ni kwa mkono, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa kitambaa, kwa maji ya vuguvugu, moja baada ya moja. Nyingi ya sahani nilizoona zikivunjika hazikuvunjikia mezani wakati wa kula. Zilivunjikia kwenye karo la saruji, baada ya wageni kuondoka, watu wamechoka.

Kiti cha enzi kilitengenezwa ili mgeni wa heshima akalishwe juu yake, na kukificha chumbani ni kukinyima kazi yake. Kagua kwanza uzi wa makalio na wa mgongo: ukiwa umelegea, mpe fundi ausuke upya, kwani mafundi wa viti hivyo bado wapo hapa Lamu. Kisiegemezwe ukuta wenye unyevu, na ukiona unga mwembamba sakafuni chini ya miguu yake, wadudu wameshaingia kwenye mti.

Jambo moja hukulitaja, nalo linatangulia haya yote: je, mirathi imeshagawanywa? Kama ndugu zako wana haki humo, pata ridhaa yao kabla hujapakua hata kileja kimoja. Sisi tulikubaliana sahani zikae kwa dada yetu mkubwa, na mwenye shughuli huenda kuzichukua ndani ya kikapu, zikiwa zimetenganishwa kwa vipande vya leso kuukuu, zikahesabiwa mbele ya dada wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Watu wengine huona kuhesabiana ndugu kwa ndugu ni aibu. Kwetu hatujagombana.