Nilikuwa namdandia jirani

Mmeuliza wiki hii: "Kwaya na vikundi vya muziki vilipohamia mtandaoni wakati wa korona, ninyi mlipata nini?" Mimi nilipata aibu. Nitaeleza.

Ninaimba besi, na nimeimba miaka mingi. Mazoezi yetu hayakusimama kwa hofu ya bure. Machi 10, 2020, kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61. Zaidi ya 50 wakaugua, wawili wakafariki. Kesho yake Shirika la Afya Duniani likatangaza janga.

Basi tukaingia mtandaoni. Jioni ya kwanza mwalimu alihesabu moja, mbili, tatu, tukaachia sauti wote kwa pamoja. Vurugu tupu! Mkiwa ukumbini, sauti ya mtu aliye mita 10 kutoka kwako inakufikia baada ya milisekunde 30 hivi (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na hapo tayari mdundo unaanza kuburutika. Kwenye simu ya video ucheleweshaji mara nyingi unapita 100. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu, wimbo unapoa mpaka unakufa. Tena programu hizo zimeundwa kwa ajili ya maongezi: zinampa nafasi mwenye sauti kubwa, wengine zinawafifisha, na noti ukiishikilia muda mrefu zinadhani ni mvumo wa feni, zinaifuta. Zipo programu za wanamuziki hasa, kama Jamulus na JackTrip, ila zinataka intaneti ya waya na watu wasioachana mbali. Nusu yetu tulikuwa na simu za mkononi tu.

Ikaamuliwa kila mtu azime maiki, asikike mwalimu na kinanda chake.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Nikiwa peke yangu chumbani, tulipofika ubeti wa pili nikagundua kuna mistari minne ya besi nisiyoijua. Si kwamba nilikuwa nimeisahau, sikuwahi kuijua. Miaka yote hiyo nilikuwa namdandia mwenzangu anayesimama kushoto kwangu: yeye anaikamata noti, mimi naingia nyuma yake kidogo tu, hakuna anayegundua. Bila yeye nilibaki nachezesha midomo mbele ya kamera. (Na wengine niliwaona, msijifanye.)

Baadaye tulirekodi kila mtu kwake, mmoja wetu akaunganisha vipande. Video ilitoka safi mno, lakini sikuipenda. Hakuna aliyekuwa amemsikia mwenzake wakati anaimba. Tulipangwa tu pamoja kama picha kwenye albamu. Faida ya kweli ilikuwa kwa wenzetu waliokuwa wamehamia mbali, ambao walirudi kundini kwa miezi ile.

Kwa hiyo jibu langu: kwa kujifunza sauti yako, maiki ikiwa imezimwa, mtandao ni mwalimu asiye na huruma, na ningependa tuubakize. Kwa kuimba pamoja, hapana.

Tuliporudi ukumbini nilimwungamia jirani yangu. Akataka nimwonyeshe ni mistari ipi. Akaitazama, akakuna kichwa. "Hiyo hata mimi huwa nabahatisha," akasema. Siku hizi tunawahi kufika dakika kumi kabla ya wengine, tunaipitia wawili.