Maswali yenu kuhusu Nargis, malkia wa picha za Kihindi

Nargis ni jina lake la kuzaliwa?

Hapana. Alizaliwa tarehe 1 Juni 1929 akaitwa Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, mtunzi wa muziki na mwongozaji wa filamu, enzi ambayo wanawake waliofanya kazi hizo walihesabika. Ndiye aliyemtia binti yake kwenye sinema mwaka 1935, akatambulishwa kama Baby Nargis. Kazi ya utu uzima ilianza na *Taqdeer* ya 1943, iliyoongozwa na Mehboob Khan. Alikuwa na miaka 14.

Nyimbo zile aliimba mwenyewe?

Hakuimba. Sauti mnayoisikia mara nyingi ni ya mwimbaji Lata Mangeshkar. Wimbo ulirekodiwa kwanza studio, kisha siku ya kupiga picha ukafunguliwa kwa spika, na mwigizaji akaufuatisha kwa midomo. Si kazi nyepesi. Anayechezesha midomo tu hugundulika mara moja, kwa sababu shingo haikazi na pumzi haikatiki pale mwimbaji anapovuta hewa. Mtazameni Nargis chini ya mwavuli na mwigizaji mwenzake Raj Kapoor katika *Shree 420* (1955): macho yake yanaanza kuitika kabla ya neno kutoka. Huku kwetu nyimbo za picha za Kihindi zilipendwa hadi mahadhi yake yakaingia kwenye taarabu ya Mombasa. Juma Bhalo alisifika kwa mtindo huo.

Nimesikia aliolewa na mwanawe wa kwenye filamu. Ni kweli?

Ni kweli, na jambo lenyewe halina aibu yoyote. Katika *Mother India* (1957) Nargis alicheza Radha, na Sunil Dutt alicheza Birju, mtoto wake mkaidi. Lakini Sunil alizaliwa tarehe 6 Juni 1929, kwa hiyo "mama" alimzidi "mwanawe" siku tano tu. Walipokuwa wakipiga picha kijijini Umra, Gujarat, moto uliowashwa kwa ajili ya tukio la filamu ulisambaa ukamzingira Nargis. Sunil aliingia akamtoa, akaungua yeye mwenyewe, na Nargis akasaidia kumuuguza. Walioana tarehe 11 Machi 1958.

Tunachotamani watu wakizungumzie zaidi ni uigizaji wenyewe. Nargis hakuwa amefika miaka 29, naye anamcheza Radha tangu akiwa bi harusi hadi akiwa bibi mwenye mvi. Mvi na mikunjo ni kazi ya wapambaji. Uzee aliuweka mwenyewe mgongoni na kwenye mwendo: Radha kijana huinama kuvuta jembe kwa nguvu za kiuno, Radha mzee hutanguliza mabega na kukanyaga polepole. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary, Chekoslovakia, mwaka 1958.

Kwa nini aliacha sinema mapema?

Baada ya ndoa alichagua familia na kazi za jamii, akarudi kwa *Raat Aur Din* (1967), akicheza mwanamke mwenye nafsi mbili. Ilimpatia tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge la India. Alifariki tarehe 3 Mei 1981 kwa saratani ya kongosho, siku chache kabla ya filamu ya kwanza ya mwanawe Sanjay kama nyota, *Rocky*, kuonyeshwa.

Nianze na filamu ipi?

Anza na *Andaz* (1949), yumo kati ya Dilip Kumar na Raj Kapoor, kisha *Awaara* (1951), anakocheza wakili. *Mother India* iwe ya tatu. Angalia urefu kabla ya kupakua: *Mother India* kamili ina dakika kama 172, na *Awaara* inapita saa tatu. Nakala nyingi za mtandaoni zimekatwa, na kinachotolewa kwanza huwa ni nyimbo. Ukiona *Awaara* haina ule wimbo mrefu wa ndotoni wenye mawingu na masanamu makubwa, tafuta nakala nyingine.