Maswali na Majibu: Kutoka Maneno hadi Alama za Kutolingana

Nikisoma "namba isiyopungua 8" mkono wangu huandika n < 8, kwa sababu naliona neno "pungua". Nakosea wapi?

Umeiruka silabi "si". Namba inayopungua 8 iko chini ya 8. Isiyopungua inaikataa hali hiyo yote, na kinachobaki baada ya kuikataa ni 8 yenyewe pamoja na kila namba iliyo juu yake, yaani n ≥ 8. Kwa njia hiyohiyo "isiyozidi 8" ni n ≤ 8, ilhali "zaidi ya 8" na "chini ya 8" haziijumuishi 8. "Angalau 8" ni sawa na "isiyopungua 8".

"Kuzidi" mara ni kujumlisha, mara ni alama ya >. Nitatofautishaje?

Litafute neno "kwa". Katika "namba inayozidi n kwa 7" bado hakuna kilicholinganishwa. Hiyo ni n + 7 tu, lakini "n inazidi 7" ni dai kamili, n > 7. Ongeza hapo "kuzidisha", ambalo ni tendo la tatu kabisa, nawe utaelewa kwa nini mimi huwataka wanafunzi wasome sentensi yote kabla ya kushika kalamu. Chukua mfano huu: "Namba inayozidi mara tatu ya n kwa 7 haizidi 25." Kuzidi kwa kwanza kunajumlisha, kwa pili kunalinganisha na kukanushwa, hivyo tunaandika 3n + 7 ≤ 25, tunatoa 7 kila upande tupate 3n ≤ 18, na jibu ni n ≤ 6.

Kwa nini alama hugeuka tunapogawanya kwa namba hasi?

Kwa sababu namba hasi huugeuza mstari wa namba kulia kushoto: 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5. Katika 10 − 2n < 4 tunapata −2n < −6, kisha n > 3. Asiyeiamini kanuni hiyo aongeze 2n pande zote mbili. Atapata 10 < 4 + 2n, halafu 6 < 2n, na 3 < n, bila kugeuza chochote. Binafsi naipendelea njia hii ya pili, maana haimtegemei mtu kukumbuka.

Lifti haipaswi kubeba zaidi ya kilo 600. Mhudumu ana kilo 75 na kila sanduku lina kilo 45. Nimepata m ≤ 11.67, je, nikadirie kuwa 12?

Hapana. Hesabu yako, 45m + 75 ≤ 600, ni sahihi, lakini masanduku 12 pamoja na mhudumu yanafikisha kilo 615. Jibu ni 11. Kama swali lingeuliza idadi isiyopungua kiwango fulani, desimali ingepandishwa badala ya kushushwa.