Kiongozi Nchi Inapokuwa Matatani: Majibu kwa Maswali Yenu

Rais akihutubia taifa wakati wa janga, nitajuaje kama anasema kwa dhati au anaigiza?

Kwa sauti yake hutajua, na machozi nayo hayatoshi. Tega sikio usikie kama hotuba ina habari mbaya ambayo angeweza kumtupia mwingine. Aprili 1961, uvamizi wa Cuba uliopangwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ulishindwa vibaya katika Ghuba ya Nguruwe. Rais John F. Kennedy aliwaambia waandishi wa habari kwamba mwenye dhamana ni yeye. Mpango ulikuwa umeanza chini ya mtangulizi wake, Eisenhower, kwa hiyo kisingizio kilikuwa tayari mkononi. Mimi huanzia hapo kumpima mtu: amewahi kukiacha kisingizio kizuri kikapita?

Akibadili msimamo katikati ya janga, si dalili ya udhaifu?

Uliza kwanza nini kimembadilisha. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, Kennedy na washauri wake wengi mwanzoni walielekea kushambulia kwa ndege. Baada ya siku kadhaa za mabishano akachagua kuzuia meli baharini. Mara nyingine alitoka chumbani kusudi washauri waseme bila kumwogopa. Kiongozi anayegeuzwa na hoja namna hiyo namwamini zaidi kuliko yule asiyegeuka kamwe. Anayenitia hofu ni anayegeuka kila makofi yanapopungua.

Ila niongeze jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Mgogoro ulimalizika pia kwa ahadi ya siri ya kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki, na wananchi walifichwa ahadi hiyo kwa miaka mingi. Kunyamaza wakati wa hatari naelewa. Kuendelea kunyamaza baada ya hatari kupita kulimlinda yeye kisiasa, na kwa hilo simpi alama kamili.

Maisha yake binafsi yanatuhusu?

Mara chache. Yanatuhusu anapovunja amri aliyotuwekea sisi. Boris Johnson, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitozwa faini na polisi Aprili 2022 kwa kuhudhuria mkusanyiko wa Juni 2020, wakati mikusanyiko ya namna hiyo imepigwa marufuku kwa sababu ya korona. Waliozika wazazi wao huku ndugu wengi wamezuiwa kufika walikuwa na kila haki ya kukasirika.

Wanaomkosoa kiongozi nchi ikiwa vitani si wasaliti?

Hapana, na nalisema bila kusita. Mei 1940, Uingereza ikiwa vitani, wabunge wake walitumia siku mbili kumhoji Waziri Mkuu Neville Chamberlain kuhusu kushindwa kwa majeshi yao Norway. Alishinda kura 281 kwa 200, lakini wenzake wengi wa chama walimkimbia, akajua hana tena imani ya Bunge. Alijiuzulu tarehe 10 Mei, siku ileile Ujerumani ilipoivamia Uholanzi na Ubelgiji. Nchi ilibadilisha nahodha mchana wa hatari, ikaendelea kupigana.

Basi Winston Churchill aliyemrithi, ndiye mfano wa kiongozi mwema?

Ni mfano wa ujasiri. Siku tatu baada ya kushika madaraka aliwaambia wabunge kwamba hana cha kuwapa ila damu, taabu, machozi na jasho, na sidhani kuna kiongozi anayeahidi hivyo kwa kutafuta sifa. Lakini mwaka 1943 njaa iliikumba Bengal, India ikiwa chini ya utawala wa Uingereza, na makadirio mengi yanataja vifo karibu milioni 3. Watawala wa Kiingereza waliokuwa India waliomba meli za nafaka mara kwa mara. Serikali yake London ilikataa au ikapunguza kilichoombwa. Waliokufa hawakuwa na kura ya kumwondoa. Nikimhukumu naanza na hao, kisha ndipo nafika kwenye hotuba.