Flashi ya Kampuni Nyingine Juu ya Kamera Yako: Ushauri kwa Wanaoanza Kupiga Picha Mtwara

Msimu wa korosho unapokaribia na harusi zinapoanza kupangwa, vijana wanaoingia katika kazi ya kupiga picha hapa Mtwara huniuliza swali moja kuliko mengine yote: je, flashi ya Nikon ambayo mtu ameachiwa na kaka yake itafanya kazi juu ya kamera ya Canon aliyoinunua Kariakoo? Mara nyingi huwajibu kwamba itawaka, ila kiasi cha mwanga hakitapangwa na kamera, bali na wao wenyewe, kwa mkono na kwa hesabu kidogo, kabla ya kubonyeza.

Tazama hotishuu, yaani ile reli ya chuma iliyo juu ya kamera ambamo mguu wa flashi huingizwa, nawe utaona kidoti kimoja kikubwa katikati na vingine vidogo kandokando yake. Amri ya kuwaka hupita katika kidoti cha katikati na kingo za reli, na kwa Canon, Nikon, Fujifilm, Pentax na Olympus kidoti hicho kwa kawaida kiko mahali pamoja kwa kufuata kipimo cha kimataifa. Vile vidogo hubeba mawasiliano ya TTL, utaratibu ambao kamera hupima mwanga kupitia lenzi kisha huiambia flashi itoe kiasi gani, na hapo kila kampuni ina mpangilio na lugha yake. Ndiyo maana E-TTL ya Canon na i-TTL ya Nikon haziwezi kuelewana hata kama mguu umeingia vizuri na taa ya flashi inaonyesha kwamba iko tayari. Pamoja na TTL utakosa mengine madogo: flashi haitafuata zumu ya lenzi, taa nyekundu ya kusaidia fokasi gizani haitawaka, na flashi ikijizima kwa kukaa muda mrefu kamera haitaiamsha, kwa hiyo ondoa mpangilio wake wa kulala kabla shughuli haijaanza.

Mimi nililijua hilo kwa aibu, katika harusi moja ya Chikongola ambayo nilipewa kazi kwa sababu mpiga picha aliyetegemewa alikuwa safarini. Nilichomeka flashi ya kuazima ikiwa bado kwenye TTL kama mwenyewe alivyoiacha, nayo ikawa inatoa nguvu zake zote kila nilipobonyeza. Bibi harusi alikuwa hatua tatu tu mbele yangu, na shela lake likatoka kama karatasi tupu, halionyeshi ua wala mkunjo, na betri zote nne zikaisha kabla keki haijakatwa. Nilidhani kamera imeharibika na nikapoteza karibu robo saa nikibadilisha lenzi na kadi, ilhali nilichotakiwa kufanya ni kubonyeza kitufe kimoja nyuma ya flashi na kuiweka kwenye M, yaani hali ya kupanga nguvu kwa mkono.

Ukishaiweka kwenye M, hesabu yenyewe si ngumu. Kila flashi ina namba elekezi, ambayo kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ni umbali wa mtu kwa mita ukizidishwa kwa namba ya apecha, yaani tundu la lenzi, inayoandikwa f/4, f/8 na kadhalika. Usiichukue namba ya kwenye boksi kama ilivyo, kwa maana Yongnuo YN560, kwa mfano, hutangazwa kuwa na 58, lakini hiyo ni kwa zumu ya flashi ya milimita 105. Kwa milimita 35, ambayo ndiyo tunayoitumia ukumbini, hushuka hadi karibu 40. Basi tushike 40. Mtu akiwa mita 5 kutoka kwenye flashi, 40 kugawanya kwa 5 ni 8, hivyo apecha ni f/8 kwa nguvu zote. Ukishusha nguvu hadi robo, namba elekezi hupungua kwa nusu na kuwa 20, nawe unahitaji f/4; ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400, namba huongezeka maradufu na unarudi kwenye f/8 ileile. Mahali ninapopenda kuanzia ni ISO 400, f/5.6 na nguvu ya sehemu moja ya kumi na sita, kwa mtu aliye kama mita tatu na nusu, kwa kuwa hapo flashi hujaa upesi na betri hudumu hadi maharusi waondoke.

Hesabu hiyo ni ya flashi iliyoelekezwa usoni moja kwa moja. Ukiinua kichwa chake ili mwanga ugonge dari jeupe la jipsamu, ambao kwa macho yangu ndio mwanga mzuri zaidi, ongeza nguvu hatua mbili au tatu, kila hatua ikiwa ni mwanga maradufu, kisha tazama kioo cha kamera. Chini ya makuti usijisumbue, kwa sababu yanaumeza mwanga na kinachorudi kina rangi ya hudhurungi.

Ugumu hasa huja pale mtu anapotembea, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unaomfikia hubaki robo. Maharusi wakiingia ukumbini kwa kucheza, nawe umesimama mahali pamoja, picha ya kwanza itakuwa nyeusi na ya mwisho itakuwa nyeupe. Dawa yangu ni miguu: natembea kinyumenyume mbele yao nikilinda umbali uleule, na namwomba msaidizi anishike mkanda nisije nikaangukia spika. Ikiwa flashi yako ina hali ya A, kama zilivyo Nikon SB-800 na SB-900, basi una bahati, kwa sababu flashi hiyo ina jicho lake lenyewe la kupima mwanga unaorudi na haihitaji TTL ya kamera. Unaiandikia tu ISO na apecha zilezile ulizoweka kwenye kamera.

Jambo la pili linalowaumiza wengi ni spidi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi. Kamera nyingi za DSLR, yaani zile zenye kioo cha ndani, zinakubaliana na flashi hadi 1/200 au 1/250 ya sekunde, na zaidi ya hapo pazia la shata huwa limekwisha kuziba sehemu ya picha wakati flashi inawaka, ndipo unapoona mstari mweusi ukingoni. Flashi ya kampuni yake ikiwa juu, kamera kwa kawaida hukuzuia kupita mpaka huo, lakini ya kigeni haiitambui na itakuacha upotee. Hili huonekana zaidi mchana, kwa mfano siku ya kumtoa mwali, familia ikiwa imesimama chini ya kivuli cha mkorosho na uwanja nyuma yao unawaka jua. (Muulize kungwi kwanza ni wapi kamera inaruhusiwa, si kila kitu cha siku hiyo ni cha kupigwa picha.) Kwa jua la adhuhuri, ISO 100 na 1/200, uwanja unataka karibu f/11, na 40 kugawanya kwa 11 ni mita tatu na nusu tu, tena kwa nguvu zote. Wasogelee.

Wenye kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) wazime shata ya kielektroniki, kwani kwenye kamera nyingi flashi haiwaki nayo, na wazime pia onyesho linaloiga mwanga wa picha, la sivyo kioo cha kutazamia kitakuwa giza tupu.

Kabla ya kununua, nenda na kamera yako mkononi. Canon EOS 2000D, 4000D na 250D hazina kile kidoti cha katikati, hivyo flashi inayotegemea kidoti hicho peke yake haitawaka kabisa juu yake. Kamera za zamani za Sony, za kabla ya 2012, zina reli ya umbo la Minolta na zinahitaji adapta. Flashi za enzi za filamu nazo zinaweza kuwa na zaidi ya volti 200 kwenye kidoti, kiasi cha kuunguza kamera ya leo, basi mpelekee fundi redio aipime kwa mita ikiwa imejaa chaji. Kama fedha ipo, njia ninayoipendekeza ni triga ya redio ya Godox, kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiwasha flashi kwa mbali, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera yako, kwa kuwa flashi ya Godox ya toleo la Canon iliyowekwa mbali kwenye stendi hupokea amri, TTL ikiwemo ikiwa flashi yenyewe ina TTL, hata triga ikiwa ya Nikon.

Na kwa sisi tunaopiga picha ufukweni, Shangani hadi Mikindani, hewa ya chumvi huvitia vidoti ukungu wa kijani ambao unaifanya flashi iwake mara moja na kukataa mara ya pili. Kila ukirudi nyumbani toa betri, futa mguu wa flashi kwa kitambaa kikavu, kisha sugua vidoti taratibu kwa kifutio cha penseli na upulize mabaki yasiingie kwenye reli.